Asiyekuwepo na lake lipo

WAHENGA walituachia usemi kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye mgawo wa nyama ya ng'ombe aliyechinjwa kijijini, usemi huu una nguvu ya sheria: ukichelewa, utakuta kwato. Lakini wiki hii, msikilizaji, naomba radhi kwa wahenga, maana nataka kubishana nao kidogo. Nataka nieleze jinsi watu wachache, katika muda wa zaidi ya miaka 300, walivyofikia kusema kwamba katika hesabu za uhai na kifo, za kudumu na kuharibika, asiyekuwepo naye ana lake, na kwamba ukimsahau, hesabu nzima inageuka uongo.

Jambo lenyewe linanihusu kwa sababu ya kazi yangu. Mezani kwa mwandishi wa habari taarifa hazikauki. Hii inasema dawa fulani imewaponya wagonjwa 80 katika kila 100. Ile inasema betri ya sola ya kampuni fulani hudumu miaka mitano. Nyingine inasifu mradi wa visima ambao pampu zake "karibu zote" zinafanya kazi. Sisi huzisoma hewani kwa sauti nzito, nanyi mnazisikia mkiwa jikoni na kwenye daladala. Swali ambalo mara nyingi halisomwi ni hili: walioanza safari pamoja na hao waliohesabiwa wako wapi?

Tatizo kubwa hapa ni muda. Anayetaka kujua kitu hudumu kwa kipindi gani hawezi kukaa akisubiri mpaka cha mwisho kiharibike. Daktari hawezi kungoja wagonjwa wake wote wafe ndipo aseme tiba yake inasaidia au haisaidii. Siku ya kutoa jibu ikifika, mkononi ana makundi matatu: waliokwisha kufa, walio hai bado, na wale waliotoweka katikati ya njia, wasijulikane walipo. Kundi la kwanza habari zake zimekamilika. Makundi mawili yaliyobaki habari zake ni nusu. Je, nusu hiyo tuitupe?

Tuanzie London. Mwaka 1662 mfanyabiashara mmoja wa vitambaa na vifungo, jina lake John Graunt, alichapisha kitabu kilichotokana na orodha za vifo vya jiji hilo. Orodha hizo zilitolewa kila wiki, na watu walizinunua hasa ili kujua kama tauni imeingia tena. Waliokwenda nyumba kwa nyumba kutazama maiti na kutaja chanzo cha kifo walikuwa wanawake wazee walioajiriwa na parokia. Orodha zilitaja ugonjwa, lakini hazikutaja umri wa marehemu. Graunt akajiuliza: nitajuaje watu hufa wakiwa na umri gani? Akayachambua magonjwa ambayo huua watoto wachanga, akakadiria, na mwisho akasema kwamba katika kila watoto 100 wanaozaliwa, 36 hufa kabla ya kufika miaka 6. Wanaobaki ni 64. Wanaofika miaka 16 ni 40, na anayefika miaka 76 ni mmoja tu. Miaka ya katikati aliijaza kwa kukisia, hilo halifichiki. Lakini yule muuza vifungo alikuwa amebuni kitu kipya duniani: jedwali linaloanza na watu 100 na kuwafuata hatua kwa hatua, likionyesha kila kituo wamebaki wangapi.

Miaka 31 baadaye, mwaka 1693, akaja Edmond Halley, mnajimu yuleyule ambaye nyota mkia mashuhuri inaitwa kwa jina lake. Halley aliona kasoro ambayo sisi wakazi wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa tunaielewa bila kufundishwa. London ilikuwa imejaa wageni. Mtu alizaliwa shamba, akaja mjini kutafuta riziki, akafia mjini. Kifo chake kimeandikwa London, kuzaliwa kwake hakukuandikwa huko. Kwa hiyo ukilinganisha vizazi na vifo vya London, unalinganisha watu wasiokuwa wale wale. Huku kwetu mambo huweza kugeuka kinyume: mtu akaugulia mjini, akarudishwa kwao kuuguzwa na kuzikwa, na daftari la mjini likabaki kimya.

Ili kukwepa tatizo hilo Halley alitumia habari za mji wa Breslau, ambao leo unaitwa Wrocław na uko Poland. Mji huo ulikuwa mbali na bahari na haukupokea wageni wengi, na mchungaji mmoja, Caspar Neumann, alikuwa ameandika vizazi na vifo vyake kwa uangalifu pamoja na umri. Kwa miaka mitano, kuanzia 1687 hadi 1691, wastani ulikuwa vizazi 1,238 na vifo 1,174 kwa mwaka. Kutokana na hayo Halley alionyesha kwamba mtu wa miaka 20 ana nafasi 100 kwa moja ya kutokufa ndani ya mwaka, lakini mtu wa miaka 50 ana nafasi 38 kwa moja tu. Hapa fedha zinaingia. Zama hizo serikali ya Uingereza ilikuwa ikikopa kwa wananchi na kuwaahidi malipo ya kila mwaka maisha yao yote, bila kujali umri wa mnunuzi. Halley akawaambia bei lazima ifuate umri. Ukimuuzia kijana kwa bei ya mzee, hazina itatoboka.

Kuanzia hapo kazi hii ikawa mikononi mwa watu wa bima, nao wakakutana uso kwa uso na waliotoweka. Mteja hukata bima akiwa na miaka 30, akalipa kwa miaka minane, kisha akaacha. Hakufa, lakini hayuko tena kwenye vitabu. Madaktari nao walikuwa na mzigo uleule. Mwaka 1926 Mwingereza Major Greenwood (Major lilikuwa jina lake la kuzaliwa, wala hakuwa meja wa jeshi) alitoa taarifa juu ya muda ambao wagonjwa wa saratani huishi, akaweka na kanuni ya kupima ni kiasi gani makadirio ya namna hiyo yanaweza kuwa yamekosea. Taarifa hiyo ililala kwenye makabati kwa zaidi ya miaka 20, mpaka ikasomwa na kijana mmoja wa Kimarekani.

Kijana huyo ni Paul Meier. Mwaka 1952 alikuwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, akiwasaidia watafiti wa tiba kwa hesabu. Mwaka uliofuata mtu mwingine kabisa, Edward Kaplan, alianza kusumbuliwa na swali hilohilo, ila yeye hakuwa na mgonjwa hata mmoja. Kaplan alikuwa kwenye maabara za kampuni ya simu ya Bell, na wagonjwa wake walikuwa valvu.

Wazee wetu wanazikumbuka redio za valvu, zile za kuwasha kisha ukasubiri zipate moto ndipo zizungumze. Valvu ni kitu kama balbu: hufanya kazi kwa joto, na siku yake ikifika huungua. Ikiungua kwenye redio ya sebuleni, unamwita fundi. Lakini valvu za Kaplan zilikuwa za kufungwa ndani ya vikuza-sauti vya kebo za simu zinazolazwa chini ya bahari. Kebo ya kwanza ya simu kuvuka Atlantiki, kati ya Uskoti na Newfoundland, ilifunguliwa tarehe 25 Septemba 1956. Kabla yake, tangu mwaka 1927, mazungumzo ya simu kati ya Ulaya na Marekani yalisafirishwa kwa mawimbi ya redio, na yalitegemea hali ya anga. Kebo hiyo ilikuwa na nyaya mbili, kila waya na vikuza-sauti 51, na kila kikuza-sauti na valvu tatu. Piga hesabu: valvu 306 kwenye sakafu ya bahari. Moja ikizimika, itafutwe meli, kebo ivuliwe kutoka kilindini, na wakati huo simu kimya. Wahandisi walitaka mitambo hiyo idumu miaka 20. Utaijuaje valvu itakayodumu miaka 20 ilhali muda wa kuijaribu ni miaka miwili mitatu, na nyingi kati ya unazozijaribu bado zinawaka siku unapotakiwa kutoa jibu?

Sasa chukua kalamu, msikilizaji, na wewe unayesoma gazetini una nafuu. Tuache valvu, tuje kwenye mfano wa nyumbani, ambao nimeutunga ili tuelewane. Mhandisi wa maji amefunga pampu za mkono 10, zote mpya, siku moja. Mwezi wa 4 pampu moja imekufa. Mwezi wa 6 vijiji viwili vimepata maji ya bomba, pampu zao zikang'olewa zikiwa nzima. Mwezi wa 9 imekufa nyingine. Mwezi wa 12 mvua imebeba daraja, na kijiji kimoja hakina habari tena. Mwezi wa 15 imekufa ya tatu. Mwezi wa 18 mkuu wake anataka jibu: pampu ngapi katika 100 hufika miezi 18? Zinazofanya kazi machoni pake ni nne.

Mhandisi wa kwanza atasema: tuangalie zilizokufa tu. Zilikufa miezi ya 4, 9 na 15, wastani ni miezi tisa na kitu. Basi pampu hizi hudumu miezi tisa! Lakini nne zinatoa maji mpaka leo, zimeshamaliza mara mbili ya muda huo. Amewasikiliza wafu peke yao. Mhandisi wa pili atasema: zote ambazo hazipo tuzihesabu zimekufa, zimebaki nne katika 10, asilimia 40. Amezizika pampu nzima. Wa tatu, ambaye pengine ndiye aliyeziagiza, atasema: zilizokufa kwa ushahidi ni tatu tu, kwa hiyo saba ni nzima, asilimia 70. Wa nne atasema: zile tatu zilizoondoka tuzifute kana kwamba hazikufungwa kabisa, nne katika saba, asilimia 57. Wahandisi wanne, daftari moja, majibu manne. Na kila mmoja anaweza kuja redioni na jibu lake, nasi tukalisoma.

Kaplan na Meier, kila mmoja kwa njia yake, walifika kwenye jibu la tano. Walisema: tusimame kila mara pampu inapokufa, na tuulize swali moja tu. Katika zile zilizokuwa machoni petu dakika ile, ngapi zimevuka? Mwezi wa 4 zilikuwepo 10, zimevuka tisa: asilimia 90. Mwezi wa 6 mbili zinaondoka, tunabaki na saba. Mwezi wa 9 zimevuka sita katika saba. Sita ya saba ya asilimia 90 ni kama asilimia 77. Mwezi wa 12 moja inatoweka, tunabaki na tano. Mwezi wa 15 zimevuka nne katika tano; nne ya tano ya asilimia 77 ni kama asilimia 62. Hilo ndilo jibu. Ukilichora linakuwa mfano wa ngazi inayoshuka: bapa, kisha kidato, bapa, kisha kidato.

Tazama adabu iliyomo katika hesabu hii. Pampu iliyong'olewa mwezi wa 6 imetoa ushahidi wake wa miezi sita, na ushahidi huo umepokewa. Ilipoondoka hatukuiita mfu, wala hatukuiita nzima, wala hatukujifanya haikuwahi kuwepo. Tumeipa haki ya kile ilichokijua, tukaishia hapo.

Kaplan alipomwonyesha kazi yake mtaalamu John Tukey, aliambiwa kuna Meier naye yuko kwenye jambo hilohilo. Wote wawili walipeleka makala zao kwenye jarida la chama cha wanatakwimu cha Marekani, na jarida likawashauri waungane. Haikuwa rahisi. Iliwachukua miaka minne ya kuandikiana barua kupatanisha njia zao, huku wote wakihofu kwamba mtu wa tatu atawatangulia. Makala yao ilitoka mwaka 1958. Mwaka 2014, jarida la Nature lilipoorodhesha makala 100 za sayansi zilizonukuliwa kuliko zote, yao ilikuwa ya 11. Karibu kila taarifa ya tiba ya saratani inayotolewa leo ina ile ngazi yao inayoshuka. Mwaka 1972 Mwingereza David Cox aliongeza njia ya kulinganisha makundi, wazee na vijana, wavutaji sigara na wasiovuta, na hapo elimu hii ikapata miguu miwili.

Lakini hesabu hii ina sharti, na sharti hilo ndilo lililonifanya niandike. Aliyeondoka lazima awe ameondoka kwa sababu isiyohusiana na kifo chenyewe. Kama zile pampu mbili ziling'olewa kwa kuwa bomba lilifika, sawa. Kama ziling'olewa kwa sababu zilikuwa zinakwaruza na wanakijiji waliona zinakaribia kufa, basi asilimia 62 yetu ni ya kujipendekeza. Kutoweka kwenyewe kulikuwa dalili.

Mwaka 2003 ugonjwa wa SARS ulipoenea Asia, mwanzoni ilitajwa kwamba unaua kama watu wanne katika 100. Kosa lilikuwa lepesi: vifo vya siku ile viligawanywa kwa wagonjwa wote, pamoja na waliokuwa bado kitandani, ambao hatima yao haikujulikana. Tarehe 7 Mei mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio mapya yaliyozingatia hao walio kitandani, asilimia 14 hadi 15. Mlipuko ulipokwisha, kati ya watu wapatao 8,100 waliougua walikuwa wamefariki 774, karibu 10 katika 100. Makadirio ya pili yalizidi, lakini ya kwanza hayakufika hata nusu ya ukweli, na hayo ya kwanza ndiyo yanayomlaza mtu usingizi wakati nyumba inaungua.

Na sasa nifike nyumbani. Katika miaka ya 2000 dawa za kupunguza makali ya Ukimwi zilipoanza kutolewa kwa wingi Afrika Mashariki, kliniki ziliandikisha maelfu ya watu, na sehemu kubwa yao ikaacha kurudi. Kwenye madaftari vifo vilikuwa vichache. Ripoti zilipendeza. Lakini watafiti wa Mbarara, Uganda, na wenzao wa mpango wa tiba wa Eldoret, Kenya, hawakuridhika. Hawakuwa na uwezo wa kumtafuta kila aliyepotea, kwa hiyo walichagua sampuli yao, wakatuma watu kwenda kuwatafuta vijijini na mitaani. Matokeo ya kazi hizo yalichapishwa mwaka 2008.

Waligundua nini? Baadhi ya waliopotea walikuwa wamehamia kliniki nyingine na wanaendelea na dawa. Baadhi walikosa nauli, au kliniki ilikuwa mbali mno. Na baadhi, si haba, walikuwa wameshafariki, wengi wao muda mfupi tu baada ya siku yao ya mwisho kliniki. Hesabu iliporudiwa pamoja nao, makadirio ya vifo yalipanda sana. Hakuna aliyekuwa amedanganya. Daftari liliandika ukweli mtupu wa waliokuja, na kwa kuandika waliokuja peke yao likapotosha. Kama hao waliotumwa wasingepanda pikipiki na kuuliza njia, nani angejua kwamba nauli ya basi ni sehemu ya tiba?

Ndiyo maana, msikilizaji, sioni kama elimu hii ni ya maprofesa peke yao. Mganga anayetangaza kuwa wagonjwa wake wote hurudi kumshukuru anasema kweli: wanaorudi humshukuru. Semina ya ujasiriamali hukuletea jukwaani wenye maduka yaliyosimama. Aliyefunga la kwake yuko nyumbani na hakualikwa. Muuza betri hukuonyesha barua za walioridhika. Kwa wote hao yatosha kuuliza maswali matatu, tena kwa upole. Walianza wangapi? Mmewafuatilia mpaka lini? Na wale msiowaona waliondoka kwa sababu gani? Asiye na jibu la swali la tatu, takwimu yake ipokee kama unavyopokea salamu za mtu usiyemjua: itikia, lakini usimkabidhi funguo za nyumba.

Kwa sisi tunaoshika kalamu na kipaza sauti, wajibu ni mzito zaidi, kwani sisi ndio tunaoamua nani asikike, na aliyetoweka hapigi simu studioni. Wahenga walikuwa sahihi kuhusu nyama. Kuhusu watu, asiyekuwepo na lake lipo, na ni juu yetu kwenda kuliuliza.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.